Kalamu ya Ziwa na Omena Arobaini na Watatu

Jumatatu, 17 Februari

Siku ya kihistoria. Niandike upesi kabla chai haijapoa.

Mzee Ajwang anang'atuka! Alitwambia leo uani kwake Milimani, mguu mmoja juu ya kigoda kwa amri ya daktari. Presha. Miaka kumi na miwili ameongoza Umoja wa Omena Usenge na Kisumu, sisi wavuvi na wauzaji wa hao dagaa wa ziwani, sasa anataka kupumzika na kuku wake. Nilisikitika. Nilisikitika kwa muda wa kutosha. Kisha nikauliza uchaguzi ni lini.

Nani mwingine kama si mimi? Katibu kwa miaka tisa. Kumbukumbu zote za mikutano zimeandikwa na mkono huu. Watu wananiita Kalamu ya Ziwa. Sawa, nilijiita mwenyewe kwanza, kwenye harusi moja kule Bondo, wakati wa pakruok, pale bendi inaponyamaza ili mtu asimame ajisifu mbele ya watu. Lakini jina limeshika. Mwenyekiti Zadock Owiti, Kalamu ya Ziwa. Nimelijaribu kwa sauti bafuni. Linajaza bafu.

Mpinzani ni mmoja tu: Benta, mama wa omena kutoka Usenge. Hana suti, hana faili. Anachotaka ni vichanja. Akiba yetu inatosha jambo moja tu mwaka huu: ama vichanja vya kuanikia omena kule ufuoni, ama ofisi hapa Kisumu, yenye meza, kabati na kiti kinachozunguka. Benta anasema mvua za Machi zikikuta omena bado wako chini mchangani, wataoza wote kama mwaka jana. Mimi nasema umoja usio na ofisi ni kundi la watu tu. Kiti kinachozunguka nimeshakichagua.

Sasa mpango. Nimependekeza uchaguzi uwe Ijumaa tarehe 28, hapohapo Milimani. Mzee alikubali bila kutazama kalenda. Mimi nilitazama! Tarehe 28 hakuna mwezi, ni giza totoro. Na omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Alfajiri boti zinatua, na kina mama wa Usenge hawaondoki ufuoni hata kwa dawa. Watakaofika Milimani ni sisi wa mjini, watu kumi na wanne. Wote nawajua. Wote wanapenda viti.

Sylvia, mke wangu, amesema hiyo ni hila. Nimemwambia ni kalenda.

Jumanne, 18 Februari

Nimehujumiwa.

Kuna huyu Caren, mtoto wa Usenge, anayefundisha kompyuta Bondo. Anatusaidia mambo ya mitambo kwa kujitolea. Leo asubuhi amempigia Mzee Ajwang akauliza kwa nini nusu ya Umoja ikose uchaguzi kwa sababu ya mwezi. Akasema tukutane kwa simu. Mkutano wa kuandika, mtandaoni, saa kumi na moja jioni, omena wakishaanuliwa. Majadiliano mara tatu, kisha kura. Mzee, ambaye hawezi kupiga picha bila kupiga kidole chake, amesema ni wazo zuri sana.

Hilo ningelivumilia. Lakini sikiliza hili: hakuna majina! Kila mwanachama anapewa namba ya siri ya kuingilia, na akishaingia anaonekana kama picha ya omena. Picha ileile kwa wote. Jina lilelile kwa wote: Omena. Watu arobaini na watatu, omena arobaini na watatu!

Nimempigia Caren mara moja. Nimemuuliza kwa upole kama viongozi hawawezi kupewa picha ya samaki mkubwa, mbuta, au basi hata ngege, watofautike kidogo. Amesema hapana, katibu, wote omena. Amesema kina mama wetu hukaa nyuma karibu na mlango, na zamu yao ya kusema hufika kwenye mengineyo, wakati soda zimeisha na watu wanatafuta funguo za magari. Mtu asipoonekana ni nani, amesema, ataongea.

Miaka tisa nimekaa meza ya mbele. Leo mimi ni omena.

Alhamisi, 20 Februari

Mkutano wa kwanza. Nilivaa suti ya buluu na tai, nikakaa sebuleni na simu mkononi. Sylvia aliuliza nani anakuja.

Nilifungua kwa heshima zote. Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Omena mmoja akajibu: twende kazi. Yaani, twende kazi! Nikatuma kumbukumbu za mkutano uliopita, aya arobaini na moja, jasho la siku mbili. Sijaweka simu chini, omena mwingine akaandika kwamba tumesoma, tumekubali. Sekunde nne! Milimani huwa nazisoma nimesimama kwa saa nzima na hakuna anayethubutu kukohoa.

Kisha wakaanza. Lo! Kumbe watu hawa wana maneno! Hakuna kuinua mkono, hakuna kungoja wakubwa. Vichanja, vichanja, vichanja. Na kila mmoja anaandika "sisi". Sisi tumechoka kuuza omena wenye mchanga. Sisi tunataka vichanja kabla ya mvua. Nilijaribu kuhesabu hao sisi ni wangapi. Huwezi. Labda ni watatu, labda ni thelathini.

Ndipo nikaona mwanya. Kama hakuna majina, basi nani atajua nikijisifu? Nikaandika: Jamani, na yule bwana mrefu wa suti ya buluu, Kalamu ya Ziwa, wuod nyar Alego, mwana wa binti wa Alego, aliyefaulu hesabu bila daftari, si ndiye anayefaa kutuongoza?

Nikatuma.

Kisha omena mmoja: Katibu, tumekuona. Mwingine: Katibu, habari za jioni. Omena kumi na saba walinisalimia, mmoja mmoja. Mmoja aliuliza kama nyar Alego hajambo.

Ni kosa dogo. Mtu akizoea pakruok, mkono hujiandikia wenyewe, tena kila mtu Usenge ananijua kwa sifa zile zile kutoka kila harusi na kila matanga. Nimetambua kasoro. Sauti ya kunisifu ilikuwa moja. Zinatakiwa nyingi.

Ijumaa, 21 Februari

Nimepata!

Caren alinikabidhi, kama katibu, namba za siri za wanachama watatu wasio na simu za intaneti, wale wa kabambe zenye tochi. Niwapelekee, niwatafutie na jirani mwenye simu nzuri. Mzee Okinyi, mvuvi mstaafu wa Usenge. Mama Wakhungu, anayeuza omena kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, kule kule. Na Byron, aliyehamia Nakuru. Bahasha tatu, zimo ndani ya faili langu. Sijazipeleka bado. Si unajua usafiri.

Mimi na watatu. Omena wanne! Kule Milimani ningekuwa mtu mmoja tu, na suti moja. Caren mwenyewe ameniongeza. Nimemsamehe.

Halafu nimempigia Ephantus Mburu, mwenye duka la omena wa jumla hapa mjini, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Ameapa kura yake ni yangu. Amesema hata dunia nzima ikienda kwa Benta, yeye atabaki nami. Machozi yalinilengalenga. Rafiki wa namna hii utampata wapi?

Jumapili, 23 Februari

Kanisani mchungaji amehubiri juu ya watu wenye nyuso mbili. Mimi nitakuwa na nne, kwa hiyo haikunihusu.

Simu zimepatikana. Yangu. Ya Sylvia, aliyenipa kwa masharti ambayo nimeyasahau. Ile ya zamani kabatini, iliyopasuka kioo. Na ya nne nimekodi kwa fundi simu wa soko la Kibuye, nzuri sana, ila kila ujumbe ukiingia inawika jogoo, na fundi anasema hajui pa kumzimia.

Nimezipanga mezani na kuzibandika karatasi za majina, na kila moja nimeipa tabia yake. Simu ya jogoo ni Mzee Okinyi: mkali, mvuvi, anapenda vichanja lakini anamheshimu katibu. Ya kabatini ni Mama Wakhungu: mpole, hana upande, anashawishika. Ya Sylvia ni Byron: kijana wa mjini, anataka ofisi. Yangu ni mimi. Byron atasema, Wakhungu atashawishika, Okinyi atalainika, na Umoja mzima utafuata. Nimefanya mazoezi jioni nzima. Mama Wakhungu ameshawishika mara tatu bila shida yoyote.

Jumatatu, 24 Februari

Mkutano wa pili. Vita.

Byron aliandika vizuri sana kwamba ofisi ni heshima ya Umoja. Kabla sijaifikia simu ya Mama Wakhungu ili ashawishike, Mzee Okinyi akamjibu kwamba heshima hailiwi na ugali. Sikukusudia! Simu ya Okinyi ndiyo iliyokuwa karibu, naye ni mkali, nimemfanya mkali mwenyewe. Mle mkutanoni kuna alama ya mikono miwili, ukipenda maneno ya mtu unaibonyeza, anapata makofi. Okinyi alipata makofi ishirini na mawili. Mimi katika miaka tisa sijawahi kupata makofi ishirini na mawili. Hata mwaka ule nilipoleta mchele wa Krismasi.

Byron akachukia. Akamwita mshamba. Okinyi akasema sisi washamba ndio tunaolisha hao wenye ofisi. Makofi thelathini na moja! Jogoo akiwika kila sekunde. Sylvia alitoka jikoni na mwiko akauliza kama tumenunua kuku bila kumwambia. Nilimtafutia Byron la kujibu, nikalikosa. Kijana hana hoja.

Mwishoni Mama Wakhungu alishawishika, ila kwa upande wa Okinyi.

Hesabu ya leo: simu mbili kwa vichanja, moja kwa ofisi, na mimi. Si mbaya. Ni vizuri watu waone kuna mjadala wa kweli.

Jumatano, 26 Februari

Mkutano wa tatu. Lazima nieleze kwa utaratibu, maana leo nimepata ushindi mkubwa kuliko wote wa maisha yangu.

Nilianza kwa uangalifu. Ukitaka kujificha, nilijiambia, andika kama wanavyoandika wao. Kwa hiyo niliandika "sisi" kwa simu zote nne. Ajabu ya Mungu! Mara ya kwanza unaiandika kwa ujanja. Mara ya pili kwa mazoea. Mara ya tatu kifua kinapata joto. Sisi tunaoinama kutwa nzima. Sisi tunaolowa. Mimi sijawahi kuanika hata soksi, Sylvia ni shahidi, lakini jioni hii mgongo uliniuma kwa kuinama. Haki ya nani uliniuma.

Hata Byron alianza kusema sisi. Nilijaribu kumzuia, akanishinda.

Kisha wakaanza kuwajadili wagombea. Omena mmoja alisema katibu si mtu mbaya, ana mwandiko mzuri. Nilitaka kumpa makofi. Lakini hakuna aliyempa, nami nikaona haya kuwa wa kwanza. Ilionekana watu wanatafuta neno. Wanaandika, wanafuta. Neno lilikuwa karibu kabisa, kila mtu analihisi na hakuna anayelipata, na mimi ndiye mtu wa kalamu! Likanijia lote kwa pamoja. Sikuchagua simu. Mkononi ilikuwepo ya Mzee Okinyi. Nikaandika:

"Katibu ameshika kalamu miaka tisa, hajawahi kushika samaki."

Halafu makofi. Kumi. Ishirini. Thelathini. Arobaini! Matatu kati ya hayo ni yangu, sikuweza kujizuia. Wakairudia. Wakaipokezana. Omena mmoja alisema amecheka mpaka ameangusha beseni. Nami nilicheka, peke yangu sebuleni, mpaka tai ikanibana. Jogoo akawika mpaka akakauka sauti. Nikamwita Sylvia aje aone. Akasoma, akauliza, kwani huyu katibu si wewe? Nikamwambia asituharibie shangwe.

Sasa nimetulia, ninafikiri. Ndiyo, katibu ni mimi, hilo siwezi kulikana. Lakini sentensi ile! Ilivyokaa! Na kisiasa haina hatari yoyote, kwa sababu hakuna anayejua ni mimi niliyeiandika.

Alhamisi, 27 Februari

Leo nimekwenda Usenge mwenyewe kuomba kura uso kwa uso. Uso ndio silaha yangu. Suti ya buluu, faili kwapani.

Ufuo wote ulikuwa umetandikwa nyavu na omena juu yake, kina mama wakiwageuza kwa mikono na kuimba. Nilisogea nisikie. Walikuwa wanaimba sentensi yangu! Wawili wanaanzisha, katibu ameshika kalamu miaka tisa, na wengine wote wanaitikia, hajawahi kushika samaki. Wameitia mahadhi na kila kitu. Nilisimama pale nimevimba kichwa. Walipogeuka wakaniona, wakanyamaza ghafla. Niliwaambia waendelee, wimbo ni mzuri sana. Wakatazamana.

Benta alikuja akijifuta mikono kwenye leso. Akasema karibu, baba, akanipa kigoda, hata wimbo hakuutaja. Alinyoosha kidole kwenye wingu juu ya ziwa. Nikamweleza kwamba wingu lile ni la kawaida kwa msimu huu. Nilikuwa bado naeleza mvua iliposhuka.

Mvua ya ghafla, nzito. Kila mtu alikimbilia nyavu, kukunja, kubeba, kumwaga kwenye mabeseni. Benta alinipigia kelele: Baba, shika huko! Shika pembe hiyo! Nami nilikuwa nimeshika faili. Nilitazama huku na huku pa kuliweka, na kila mahali maji. Nilipolitia ndani ya koti, wavu ule ulikuwa umeshalowa wote. Omena wa siku mbili wamegeuka uji na mchanga. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mwembamba simjui jina, miaka tisa nimeliandika kwenye orodha bila kujua ni la uso upi. Alikaa chini palepale mvuani akawatazama. Hakulia. Alisema tu kwamba hao sasa ni wa kuku.

Nilihisi vibaya. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nilihisi vibaya njia nzima mpaka Bondo.

Baada ya Bondo nilipata fikra. Kama Umoja ungekuwa na ofisi, faili lingekuwa kabatini, na mikono yangu ingekuwa mitupu, tayari kushika wavu. Hoja kubwa namna hii, na mimi naipata siku moja kabla ya kura!

Ijumaa, 28 Februari

Uchaguzi.

Nilianza na simu tatu. Sasa, Mzee Okinyi na Mama Wakhungu wamesema mbele ya watu wote kwamba wao ni wa vichanja. Wanawezaje kunipigia mimi? Najua kura ni ya siri. Lakini wao wenyewe wangejua. Nikawapa Benta hizo mbili, kwa ajili ya heshima yao. Byron naye amebadilika tangu Jumatano, kumrudisha nyuma ghafla ingekuwa ni kumdhalilisha kijana. Basi, tatu kwa Benta. Sikujali. Niliwahesabu wa mjini kumi na watatu, na Ephantus mwaminifu akiwa mbele yao. Na kura yangu mwenyewe ni yangu, haina mjadala.

Mle ndani watu walikuwa wamewaka. Leo tuwe kitu kimoja. Leo asibaki mtu nje. Tuwaonyeshe! Nami nikaandika, tuwaonyeshe! Sijui tulikuwa tunamwonyesha nani. Kwenye kioo kulikuwa na hesabu ya waliokwisha kupiga kura, bila kusema kura ni za nani. Ishirini na tano. Thelathini na nane. Arobaini na mbili.

Ikasimama hapo. Bado mtu mmoja.

Wakaanza kumwita. Bado mmoja, ni nani huyo? Mwenzetu, uko wapi? Mwenzetu, usituache. Omena wote wananiita na hawajui wanamwita nani. Miaka tisa nimeitwa katibu. Nimeitwa mheshimiwa mara mbili, mara moja kwa makosa. Mwenzetu sijawahi kuitwa. Na kichwani ule wimbo, na yule mama amekaa mvuani, na mimi na faili langu. Nilitaka sana kuwa pamoja nao, sana, siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo.

Kidole kikaenda.

Benta arobaini na tatu. Zadock Owiti sifuri.

Shangwe ilipolipuka nilishangilia kwa simu zote nne. Nilituma makofi mpaka vidole vikauma. Zilipita kama dakika kumi hivi kabla sijakumbuka kwamba Zadock Owiti ni mimi.

Jumamosi, 1 Machi

Usiku sikulala vizuri, lakini asubuhi nimekula mayai mawili.

Ephantus amepiga simu kwa sauti ya matanga. Amekiri. Alimpa Benta. Anasema alikuwa dukani, simu mkononi, kila mtu anaandika sisi, sisi, na hajui kilichompata. Yeye Mkikuyu wa duka la jumla akajikuta anaandika sisi watu wa Usenge. Aliona haidhuru, rafiki yake Zadock hatakosa kura moja mbili, na angalau ile yake mwenyewe itakuwepo. Kisha akauliza polepole: lakini bwana katibu, ile yako ilienda wapi?

Nimemwambia intaneti ilikatika.

Mzee Ajwang naye anafurahi mno. Anasema ni mara ya kwanza Umoja kukubaliana wote juu ya jambo lolote, hata aina ya soda.

Kuna jambo dogo limejitokeza. Mzee Okinyi amekwenda kwa Benta kuomba radhi kwamba hakupiga kura, hakuletewa namba yoyote. Caren anashangaa, maana kura ni arobaini na tatu kamili, na wanachama ni arobaini na watatu kamili. Ameahidi kumtafuta aliyetumia namba ya mzee, na akipatikana atatolewa kwenye Umoja moja kwa moja. Nimemwandikia kwamba namuunga mkono na kwamba nalaani kitendo hicho kwa nguvu zangu zote.

Jioni Benta mwenyewe amenipigia. Sauti ya kawaida, bila majivuno. Amesema baba, ule wimbo ulikuwa mkali, usiuweke moyoni, ni joto la kampeni. Amesema ukatibu wangu uko palepale, hakuna mwenye mwandiko kama wangu, na niende Usenge Jumatatu wanapojenga kichanja cha kwanza. Bila suti, amesema. Nilishukuru. Nilishukuru kwa dhati, na nikadhani mambo yameishia hapo, vizuri.

Kisha akaongeza, kabla ya kukata, kwamba aliyeandika maneno yale ya kalamu na samaki ajitokeze siku hiyohiyo. Ndiye atakayeanika omena wa kwanza juu ya kichanja, na jina lake litaandikwa kwa rangi kwenye mguu wa mbele.

Jina. Kwa rangi.

Jumapili, 2 Machi

Sikusikia mahubiri hata kidogo.

Mpaka sasa watu sita wamejitokeza kusema sentensi ni yao! Sita! Kina mama wanne, mzee mmoja wa boti, na Ephantus. Ephantus, ambaye hawezi kuandika hata bei bila kufuta mara mbili! Na Caren ameandika kwa Umoja wote kwamba haina haja ya kugombania, maneno yale hayana mwenyewe, sisi sote ndio tulioyaandika.

Sisi? Sisi nani? Mimi! Hiyo ni sentensi ya Kalamu ya Ziwa, wuod nyar Alego! Maneno manane yaliyopindua uchaguzi mzima, yakamwangusha mtu aliyekaa miaka tisa, mtu mwenye suti, na wanataka kuyagawa kama mchele wa Krismasi! Kushindwa nimekubali. Kuibiwa sikubali.

Na ushahidi ninao. Sentensi imo ndani ya simu ya jogoo, chini ya namba ya siri ya Mzee Okinyi, siku, saa na dakika. Wakibisha, ninazo na nyingine mbili, ya Mama Wakhungu na ya Byron, zinazoonyesha nilivyoipigia makofi palepale. Kesho nazipeleka zote Usenge, naziweka mezani mbele ya Caren na Benta, bahasha zile tatu pia, na Mzee Okinyi mwenyewe akae karibu athibitishe namba ni yake. Hapo hakuna wa kunibishia tena.

Sylvia amesoma ukurasa huu kutoka nyuma ya kiti changu. Amekaa chini, amejifunika leso usoni, mabega yanamtikisika. Nadhani ni furaha.

Suti ya buluu nimeshaipiga pasi. Simu zote ziko kwenye chaji.